Mama Mkwe wa Kwenye Deki

Watu niliowachukia maishani mwangu si wengi, na zaidi ya nusu yao ni wanawake wa Kikorea ambao hawajawahi kuwepo. Nawasema akina mama wa tamthilia, wale wanaovaa lulu shingoni wakiwa wamekaa tu nyumbani kwao, wanaokunywa chai bila kumaliza kikombe, na wanaomwita msichana maskini hotelini ili wamwambie aachane na mtoto wao. Wengine walimmwagia maji usoni. Wengine walisukuma bahasha mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayemsukumia paka mfupa. Nilikuwa nawatukana kwa sauti, chumbani kwangu Chang'ombe ya Dodoma, mchana wa Jumamosi, mlango ukiwa wazi na majirani wakinisikia.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa kuingia nchini, na kweli kila kitu kiliingia. Televisheni za Kichina zilipangwa kando ya barabara pamoja na ndala na masufuria, na deki ya kuchezea CD ilikuwa si kitu cha matajiri tena. Wamachinga walitembeza tamthilia nzima ndani ya CD moja au mbili, jalada likiwa na picha ya mwanamume mzuri kuliko dada zetu wote. Ofisini kwetu, ambako nilikuwa karani wa masjala, sisi wanawake tulizipokezana kama watu wanavyopokezana ungo msimu wa mavuno. Jumatatu asubuhi hatukufungua faili hata moja kabla ya kumaliza kubishana kama yule kijana mkali anampenda binti au anamchezea.

Wenzangu waliziangalia kupoteza muda. Mimi niliziangalia kwa sababu nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimevuka thelathini, wadogo zangu wameolewa wote, na nilikuwa na mwanamume ambaye kila mwaka aliniambia kwamba mavuno yakipita atazungumza na mama yake. Alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa, mzaliwa wa Kondoa, Mwislamu, mtoto wa mwisho wa mama mjane. Mimi ni Mgogo, nimelelewa kanisani. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: alete wazee wake kwetu, waseme neno, na mimi niitwe mke wa mtu. Mavuno yalipita, malori yakajaa yakaondoka, na neno halikusemwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kusema ndiko kulikokuwa kazi yake. Pale sokoni alisimama katikati ya mkulima na tajiri mwenye lori, akawasemea wote wawili, hadi kila mmoja akaondoka akiamini kwamba amempiga bao mwenzake. Nilimwona mara moja nilipopita na basi la Dar es Salaam: kofia kichwani, mkono mmoja ndani ya gunia, mdomo hautulii. Lakini likitajwa jina la mama yake, ulimi ule wote uliisha, akaanza kuuliza kama chai ina tangawizi.

Basi nikawa naangalia Wakorea. Kule, mwanamume anaweza kuwa na kiburi, anaweza kuwa na hasira ya kuvunja vioo, lakini mwishoni anapiga magoti mbele ya mlango wa mama yake kwenye mvua, na hainuki mpaka akubaliwe. Nililia kila walipofika hapo. Nililia hata kwa zile tamthilia mbovu, ambazo binti anapoteza kumbukumbu, anazipata, halafu anagundulika ana ugonjwa wa damu. Nilijua nadanganywa. Ningefanya nini? Udanganyifu wao ulikuwa na mwisho, na wangu ulikuwa hauna.

Mambo yalibadilika mama yangu alipokuja kukaa nami. Presha ilikuwa imempanda kijijini, daktari akataka awe karibu na hospitali, na chumba changu kikawa chetu. Mama alikuwa na Kiswahili cha gulioni: cha kuuza karanga, kununua chumvi na kusalimia wageni. Kiswahili kirefu kilimpita, na Kiingereza cha maandishi ya chini ya picha hakikumhusu kabisa, maana hata kusoma hakujua. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Wakorea wanasema, maandishi yanapita, mimi nasoma haraka na kumwambia kwa Kigogo, na kama umeme wa mgawo haujakatika, mama anatoa hukumu.

Hukumu zake zilinitia wazimu. Siku ya kwanza kabisa, yule mama wa lulu alipomwambia binti kwamba hastahili kuingia katika ukoo wao, nilisonya, nikamgeukia mama nikitegemea tusonye pamoja. Mama akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Huyo mama ana haki," alisema. "Yeye kazaa. Huyo msichana kazaa nini?"

Nikamweleza kwamba binti ni yatima, mchapakazi, anafanya kazi tatu kwa siku, na anampenda kijana kwa moyo wote. Mama akauliza binti huyo hana baba wadogo. Nikasema hana. Wajomba? Hana. Akauliza ni nani basi atakayekaa upande wa binti siku watu wakija, na kama hakuna, huyo mama wa lulu azungumze na nani, na ukuta? Kwake yeye lile halikuwa suala la ukatili. Lilikuwa suala la mama wa watu kulazimishwa kuzungumza mambo ya ukoo na mtoto, hotelini, bila mtu mzima hata mmoja.

Na wanaume wao hakuwaelewa kabisa. Kijana anamkuta binti barabarani, anamshika mkono, anamwambia kwamba bila yeye hawezi kuishi. Mama aliuliza watu wa kijana wako wapi. Mwanamume anajisemea mwenyewe, njiani, mbele ya magari, kama mwendawazimu? Mshenga amekufa? Zile nyakati ambazo kijana na binti wanatazamana tu, muziki unapiga na picha inawazunguka, mama alisubiri, akachoka, akauliza wamekosana nini. Walipobusiana, baada ya hadithi kwenda mwendo mrefu kama wa hapa hadi Singida, mama alijifunika uso kwa kanga. Nilipomtupia jicho nikaona ameacha upenyo.

Kuna mambo aliyoyapenda. Alipenda wanavyovua viatu mlangoni. Alipenda wanavyoinama kumsalimia mkubwa, akasema wale wana adabu kuliko sisi tuliosomeshwa. Ila alichopenda kuliko vyote ni yule mwanamume wa pili. Anayezijua tamthilia hizi anamjua: ni yule mpole, anayemletea binti supu akiugua, anayemngoja nje ya kazi, anayekaa naye akilia kwa ajili ya mwanamume mwingine, na ambaye mwishoni haoi mtu. Mama hakukubali kabisa kwamba huyo hapati mke. Kila tamthilia mpya alimtafuta, akimpata anatulia, anasema huyu wa supu ndiye mume, na yule mwingine anajua kununa tu. Mimi nilimtaka anayenuna. Tulibishana hadi chai ikapoa, mama na mwana, kwa ajili ya watu wa nchi ambayo hatukujua hata iko upande gani wa dunia.

Wakati mwingine, katikati ya mabishano hayo, nilimtafuta dalali wangu kwenye kioo cha televisheni. Hakuwa yule mkali na hakuwa yule wa supu. Nikiwa mkweli kwa nafsi yangu, alikuwa mmoja wa wale wanaopita nyuma ya wapenzi wakiwa na mwavuli, hata jina hawapewi. Nikiona hivyo nilijiambia kwamba mama akilala nitazima deki na kumpigia simu nimwambie basi. Sikumpigia hata siku moja.

Sikumpigia kwa sababu ya korongo. Mwaka mmoja kabla mama hajaja, mvua za Januari zilitukuta mimi na yeye tukitoka sokoni Majengo. Anayeijua Dodoma anajua kwamba makorongo yetu ni mchanga mtupu mwaka mzima, mbuzi wanapita, watu wanakata njia, halafu siku moja maji yanakuja mekundu bila hodi. Tulikuta maji yamefika magotini na yanaongezeka. Watu walikuwa wamesimama pande zote mbili wakitazamana. Dalali wangu alivua viatu, akavitia kwapani, akainama mbele yangu, akasema panda. Nikadhani anatania. Akasema panda, maji hayangoji. Nikapanda. Alinivusha polepole, akijaribu chini kwa vidole kabla ya kukanyaga, na wanawake wa ng'ambo walikuwa wanapiga vigelegele vya kutucheka. Aliponitua akaniambia mimi ni mwepesi kuliko gunia, na kutoka kwa mtu wa Kibaigwa hilo ni neno tamu.

Msomaji ambaye hajaangalia Wakorea hataelewa madhara ya jambo hilo. Kule, mwanamume akishambeba binti mgongoni, mambo yamekwisha. Anaweza kumkana, anaweza kwenda Amerika, anaweza kugongwa na gari, lakini atarudi, maana amembeba. Sijaona tamthilia hata moja ambayo alibeba halafu hakurudi. Nilikuwa mwanamke mzima, nina ajira ya serikali, na nilijenga maisha yangu juu ya kitu hicho.

Mwishowe simu ikaja. Ilikuwa katikati ya wiki, nipo ofisini, na sauti ya dalali wangu ilikuwa ya chini mno.

"Mama anakuja kwenu Jumamosi," alisema.

Nikauliza anakuja kwa jambo gani. Akajibu kwamba mama atasema mwenyewe. Nikauliza naye atakuja? Akasema kazi zimembana, malori yamekuwa mengi. Nikataka kuuliza zaidi, akasema mtandao unakata, na kweli ukakata.

Sasa, mtu mzima wa upande wa mwanamume anapotoka kwao akafunga safari hadi nyumbani kwa akina binti, hata mlevi wa kilabuni anajua kinachokuja. Hakuna anayeuliza. Nilipomwambia mama, aliniagiza nimwite baba mdogo kutoka Msalato, kwa kuwa baba yangu alishafariki na neno la posa halipokelewi na wanawake watupu. Baba mdogo aliitika mara moja. Ofisini wenzangu walijua kabla ya saa ya chai, na mmoja akaniazima vikombe vyake vya sherehe.

Mimi nilifurahi kwa siku moja, kisha nikaanza kujiandaa kwa vita. Nilikuwa nimewaona akina mama hao vya kutosha. Nilijua kwamba mama wa kijana haji kukuona kwa mema. Atatazama chumba, atatazama mikono yangu, atauliza umri. Nikaandaa jibu la bahasha. Nikaandaa jibu la dini. Nikaandaa maneno ya kusema nikiwa nimemkazia macho: mwanao nampenda, na sitamwacha kwa maneno ya mtu. Niliyasema mbele ya kioo nikichana nywele, na yalikuwa mazuri. Hata maji ya kunywa niliyapanga kwenye jagi la plastiki, nikaliweka upande wa pili wa meza, mbali kidogo na atakapokaa. Mama aliliona jagi lile na hakuelewa, nami sikumwambia.

Asubuhi ya Jumamosi nilimbeba jogoo nikampeleka nyumba ya tatu, kwa mzee mmoja dereva mstaafu, Mwislamu, ambaye ndiye aliyetuchinjia mtaa mzima siku tukiwa na mgeni wa dini yake. Akauliza ni wageni wa nini. Nikasema ni wa heri. Akachinja, akanawa, akaniombea dua pale pale uani, na mimi niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko yake.

Mgeni alifika karibu na adhuhuri. Nilikuwa nimemtegemea mwanamke mrefu. Alikuja mama mfupi, mwembamba, baibui jeusi lililopauka mabegani, kanga juu yake, viatu vya plastiki, mkononi dumu dogo la mafuta ya alizeti na kikapu cha ukili. Vumbi la barabara ya Kondoa lilikuwa limemkaa hadi kwenye kope. Nikapiga goti, nikasema shikamoo mama. Akaniwekea mkono kichwani akajibu marahaba mwanangu, na mkono ule aliuacha pale kwa muda. Halafu akamgeukia mama yangu, akamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kwa lafudhi ya mtu aliyefundishwa neno moja njiani ili asije mikono mitupu. Mama yangu akacheka kwa furaha, akamshika mikono yote miwili, na tangu hapo vita yangu ilikuwa imekosa adui.

Hakutazama chumba. Hakuuliza umri. Chakula kilipoletwa alisogea karibu yangu akaniuliza, taratibu ili wengine wasisikie, kuku amechinjwa na nani. Nikamwambia. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza sawasawa, akasema nimemtunzia dini yake na Mungu atanitunza. Akala. Alikula vizuri, akasifia mlenda, akataka kujua umewekwa karanga za wapi. Nilikuwa nimekaa pale na maneno yangu yote ya vita mdomoni, na mtu ninayetakiwa kumpiga nayo ananiombea Mungu. Nilijiona mjinga, na ndani ya ujinga huo nilikuwa na furaha kubwa sana. Nilijiambia kwamba Wakorea wamenidanganya, kwamba kuna mama wakwe wazuri duniani, na mmoja wao ni wangu.

Vyombo vilipoondolewa, baba mdogo alivuta koti lake. Alikuwa amevaa koti la suti, joto lote lile. Akasema kwamba njiani hakuna maneno, maneno ni nyumbani, na kwa kuwa mgeni amekwishakula, wenyeji wanasikiliza. Nikainuka nitoke, kama inavyopasa binti. Mgeni akanizuia kwa mkono.

"Abaki," alisema. "Ndiye niliyemfuata."

Akaanza mbali. Akasema jinsi alivyoachiwa mjane na watoto wadogo, jinsi huyu wa mwisho alivyokuwa mtoto wa kuugua ugua, jinsi alivyomlea kwa kuogopa upepo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kirefu, cha mtu aliyekaa na vitabu vya dini. Baba mdogo aliitikia kila kituo. Mama yangu alitabasamu bila kushika hata nusu. Nami niliinamisha kichwa, nikingoja ua, maana ndivyo wanavyosema, kwamba wameona ua katika nyumba hii.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Kijana wangu ameoa. Ameoa mwezi uliopita, pale pale kwetu Kondoa, binti aliyetafutiwa na mjomba wake. Wallahi sikujua kama kuna mtu huku. Nimejua ndoa imeshapita. Nikamwambia nenda ukaseme mwenyewe, umemweka mtoto wa watu miaka. Hawezi. Analia tu. Nikasema basi nitakwenda mimi, maana mtoto wa watu haachwi kama mbwa njiani."

Baba mdogo hakuitikia. Naikumbuka sauti ya mama yangu, yenye uchangamfu ule ule wa Jumamosi zetu, ikiniuliza kwa Kigogo anasemaje.

Nilikuwa nimemtafsiria vifo, talaka, ajali za magari, watoto waliobadilishwa hospitalini. Nikafungua mdomo nikamwambia kwamba anasema ameoa. Akauliza nani ameoa. Nikasema yeye. Akauliza tena, nani, maana alidhani nimekosea, na ikanibidi nimtaje kwa jina, na niseme mwezi, na niseme mjomba, na niseme kwamba huyu mama amekuja kwa wema. Nilitafsiri yote, sikuacha kitu. Nilipomaliza, mama alimtazama mgeni kwa muda mrefu, mjane mwenzake, aliyepanda basi kwenye vumbi lile ili kubeba aibu isiyo yake. Kisha akaniambia nimwambie apumzike, asiondoke na jua hili, ametoka mbali.

Hilo nalo nikalitafsiri, kwa Kiswahili.

Natamani angenimwagia maji. Nasema kweli tupu. Natamani angesukuma bahasha, angenitukana mimi na kabila langu, ningesimama nikamjibu, na leo ningekuwa na kitu cha kukumbuka. Alinishika mkono akalia. Alisema kwamba kama angejua mapema angenitaka mimi. Ni neno gani hilo la kumwambia mtu? Ningelifanyia nini? Baba mdogo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayemeza moto, kijana mwenyewe yuko wapi. Mgeni akajibu yuko Kibaigwa, kazi zimembana. Baba mdogo akainuka, akavua koti lake, akalikunja mkononi, akatoka bila kuaga. Niliona aibu kwa ajili ya koti lile kuliko kwa ajili yangu.

Jua lilipopungua mgeni akaomba ruhusa. Mama akamfungia karanga kwenye kitambaa. Mimi nikachukua kikapu chake, maana mgeni mzee hatoki kwako akajibebea mzigo mwenyewe, hata awe ameleta habari gani. Mlangoni akasema kwamba hapo panatosha, nirudi kwa mama yangu. Nikasema hapana, nitamfikisha stendi. Tulipofika barabarani akasema tena, akajaribu hata kukivuta kikapu. Nikadhani ni huruma. Nikamwambia kwamba kwetu mgeni husindikizwa hadi aketi kwenye kiti. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, nakuomba urudi," na bado nikadhani ni huruma, nikakaza mwendo. Tukaenda hivyo, yeye akiburuza miguu nyuma yangu kama mtu asiyetaka kufika, nami nikipunguza hatua nikidhani amechoka.

Stendi ilikuwa imejaa. Basi la Kondoa lilikuwa limewasha injini, kondakta anapiga bodi kwa kiganja. Nikamuuliza mgeni tiketi iko wapi nimshikie. Alikuwa anatazama upande wa mabanda ya chai, uso wake umekunjamana kwa aibu ambayo hata nyumbani kwetu hakuwa nayo. Nikafuata macho yake.

Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya turubai, sahani ya chapati mbele yake, tiketi mbili zimechomoza mfukoni mwa shati. Hakuwa Kibaigwa. Alikuwa amemleta mama yake hadi Dodoma, akamwelekeza njia ya kwetu, akakaa pale mchana kutwa akimngoja amalize.

Alituona. Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akaja. Watu walikuwa wanatupita na mizigo, na mimi nilisimama pale pale nikingoja, kwa sababu kungoja ndiko nilikokuwa nimejifunza. Kama angesema neno lolote, hata la uongo, hata jina langu tu, nadhani ningelichukua nikaenda nalo nyumbani. Alifika mbele yangu, akakipokea kikapu kutoka mkononi mwangu kwa adabu, bila kuniangalia machoni.

"Asante kwa kumsindikiza mama," alisema.

Nami nikamjibu, "Karibuni tena."